Moshi Ulipopinda

Jumamosi asubuhi pampu ilianza kuguna.
Haikuzima. Ingezima ningejua la kufanya:
ningemwita Mwachiro, ningelipa, ningenuna.
Iliguna tu, kama mtu aliyedaiwa mbele ya wageni.

Bwawa letu ni la turubai, limesimama juu ya mchanga
nyuma ya nyumba, Mtopanga, baina ya ukuta na mpapai,
nguzo kumi na mbili za chuma, mbili zimeshika kutu.
Nililinunua kwa Mzungu wa Shanzu aliyekuwa akifunga virago:
ngazi, chujio, pampu, na kijitabu cha Kijerumani
kilichotusaidia sana kuwasha jiko.
Watoto wa mtaa hulipa shilingi thelathini.
Asiye nazo huokota majani yaliyoangukia majini.

Maji ni ya bauza, lita elfu tisa.
Bei usiniulize.

Siku ya tatu bila mzunguko yakawa rangi ya mchicha
uliochemshwa ukasahauliwa.
Mjukuu wangu Hadia akatia kidole, akanusa:
"Bibi, yanuka chura."

Mwachiro akaja na mfuko wake wa spana.
Akafungua kikapu cha pampu: nywele, majani,
mrija wa soda, kibanio kimoja cha waridi.
Akakisafisha. Ikaguna.
Akarudisha maji kinyume kuosha mchanga wa chujio,
yakatoka ya kahawia, yakatoka meupe. Ikaguna.
Akaimwagia maji kichwani kama mtoto mwenye homa,
akafunga kifuniko, akawasha,
ikavuta, ikavuta, dakika mbili za raha,
mapovu yakachomoza upande wa pili, pu, pu, pu,
kisha ikaguna.
"Mota imekwisha, mama. Elfu kumi na nane."
Alipotaja bei aliitazama nyumba yangu. Nikamwona akiipima.

Mota inayoguna haijafa, nikamwambia.
Aliyekufa haguni.

Usiku nilizunguka na tochi
nikipapasa kila kiungo, kila kiwiko cha bomba,
nikitafuta tone.
Pakavu. Pakavu hata nikaona haya,
kama niliyemsingizia mtu wizi.

Alhamisi baada ya magharibi nikatembeza chetezo
kama ada: vyumbani, ukumbini, uani.
Pampu nilikuwa nimeiwasha kwa ukaidi tu.
Moshi wa ubani ulipanda wima, hewa imelala,
nikapita pale bomba la kuvuta linapoungana na pampu
na moshi ukapinda.
Haukutawanyika. Ulipinda, mwembamba kama uzi,
ukaingia kwenye kiungo
kama mwenyeji ajuaye mlango wa nyuma.

Nikarudisha chetezo. Wima.
Nikakisogeza. Ukapinda.

Mama Munyazi akachungulia juu ya ukuta,
akaniona, mtu mzima wa miaka sitini na nne,
nimepiga magoti mbele ya bomba na ubani, nacheka.
"Wapunga pepo?"
"Napunga upepo," nikamjibu,
"na nimeona unapoingilia."

Siku tano nikitafuta maji yanapotoka!
Kumbe bomba linalovuta halilii.
Ufa wake hunywa.

Ndani ya kiungo, pete ya mpira, imekauka,
imepasuka kiasi cha ukucha wa mtoto mchanga.
Shilingi arobaini, Kongowea.
Muuzaji akaniongezea grisi kidogo ndani ya karatasi
akaniusia nisipake ya gari, itaula mpira.
Nikakaza kwa mkono, si kwa spana. Nikawasha.

Ikakohoa mara moja. Ikanyamaza ile kimya ya mtu anayefanya kazi.

Mwachiro alipopita akasikia, akauliza mota nimenunua wapi.
Nikamkaribisha chai.

Maji yalichukua siku tatu zaidi, na dawa.
Jumatatu nikaona hadi chini:
kibanio cha pili cha Hadia, cha waridi,
kimetulia juu ya turubai la buluu.
Sikukitoa.
Wacha wazame wakikitafuta,
shilingi thelathini kila kichwa.